Kufuatilia kielezi cha Kiingereza hadi mizizi yake ya Kilatini: mwongozo kamili kwa kutumia "obviously"

Aliyepita darasa la Kiingereza Kenya au Tanzania amewahi kufunga barua kwa "Yours faithfully" au "Yours sincerely". Tulifundishwa ipi iende kwa nani, tukakatwa alama tulipozichanganya, basi. Asili ya maneno yenyewe haikuguswa. Kumbe "faithfully" imebeba "fides", imani na uaminifu wa Warumi, na "sincerely" imebeba hadithi ya uongo ambayo bado inasimuliwa hadi leo. Nitaifikia hadithi hiyo.

Mwongozo huu ni wa mfasiri, mwalimu, mwanafunzi, au mtu yeyote anayetaka kuifanya safari hiyo mwenyewe badala ya kusimuliwa. Nitashika kielezi kimoja tangu mwanzo: "obviously", ambacho kwa Kiswahili tungesema "ni wazi kwamba", "kwa dhahiri" au "bila shaka". Nimekichagua kwa sababu safari yake inaisha kwa jioni moja, na karibu kila kikwazo cha kazi hii kinakutokea njiani.

Mswahili haanzi mikono mitupu. Ukiambiwa utafute "hatukupigiwa" kwenye kamusi, hufungui ukurasa wa H. Unavua "ha-", unavua "-tu-", unavua "-ku-", unavua mkia "-iwa", unabaki na "pig-", unakwenda kwenye P. Umekuwa ukifanya hivyo tangu utotoni bila kuhesabu hatua. Kielezi cha Kiingereza huvuliwa namna hiyohiyo. Tofauti ni kwamba kila vazi lake lilishonwa na fundi wa zama zake, na kabla ya kuliweka kando inabidi uulize lilishonwa lini na nchi gani.

Vifaa

Daftari, simu yenye intaneti, na kamusi tatu. Ya kwanza ni Oxford English Dictionary. Sehemu yake ya kwanza ilitoka mwaka 1884 na toleo la kwanza likakamilika 1928. Thamani yake iko kwenye mifano: kila maana ya neno imewekewa sentensi zilizopangwa kwa miaka, hivyo unaona maana ikizaliwa, ikikua, na nyingine ikifa. Mtandaoni ni ya kulipia, kwa hiyo ulizia kwenye maktaba ya chuo iliyo karibu nawe. Ya pili ni Online Etymology Dictionary, ya bure, yenye maelezo mafupi yanayotosha kukuonyesha mwelekeo. Ya tatu ni kamusi ya Kilatini ya Lewis na Short ya mwaka 1879, inayosomeka bure kwenye maktaba ya mtandaoni ya Perseus ya Chuo Kikuu cha Tufts, Marekani.

Wiktionary nayo inafaa, hasa kwa majedwali ya maumbo ya Kilatini, ila kila unachokipata humo kipime kwa mojawapo ya hizo tatu.

Hatua ya 1: Vua "-ly", lakini hakikisha ni vazi kweli

"Obviously" ukiivua inabaki "obvious", kivumishi kinachojitegemea. Hapo uko salama. Lakini "family", "reply" na "fly" huishia kwa herufi hizohizo na hakuna cha kuvua. "Friendly" ina kiambishi, ila kwa matumizi ni kivumishi.

Angalia pia tahajia, maana kuna vazi linalotoka na kipande cha ngozi. "Truly" imepoteza "e" ya "true". "Probably" na "possibly" ni "probable" na "possible" zilizobanwa. Ukiona "-bly", rudisha "-ble", kisha jua kwamba mara nyingi nyuma yake kuna "-bilis" ya Kilatini: "probabilis", "possibilis".

Hatua ya 2: Usiutupe mkia, una historia yake

Wengi huruka hapa wakikimbilia Kilatini. Mimi nakusihi usimame, kwa sababu "-ly" si ya Kilatini hata kidogo. Ni ya Wajerumani wa kale waliohamia Uingereza. Katika Kiingereza cha Kale ilikuwa "-lice", kutoka kiambishi "-lic", na nyuma yake kuna nomino "lic", yaani mwili. Kijerumani cha leo bado kina "-lich" kama kiambishi na "Leiche" kwa maana ya maiti. Huko Uingereza lango la uwanja wa kanisa ambapo jeneza lilisubiri padri linaitwa "lychgate", lango la maiti. Kwa hiyo anayesema "obviously" amesema, kwa kuzifuata sehemu zake, "kwa mwili wa kitu kilicho dhahiri", kwa umbo lake.

Lugha zilizozaliwa na Kilatini zilichagua kiungo kingine. Zilichukua "mente", "kwa akili", zikaigandisha nyuma ya kivumishi: "clara mente", kwa akili angavu, ikawa "clairement" kwa Wafaransa na "claramente" kwa Wahispania. Mhispania anasema "obviamente". Kivumishi ni kilekile, lakini mmoja amekitia mwili na mwenziwe amekitia akili.

Basi "obviously" ina kichwa cha Kirumi na mkia wa Kijerumani. Hilo lisikushangaze, maana sisi tunafanya hivyo kila siku. Chukua "kisheria": "ki-" ni ya Kibantu, "sheria" ni ya Kiarabu, na tumeziunganisha kupata kielezi. Tena Waarabu wa kale walilitumia neno hilo kwa njia iendayo kwenye maji ya kunywa. Kumbuka hilo tukifika hatua ya 4, kwa sababu ndani ya "obviously" nako kuna njia.

Andika daftarini: mkia, Kiingereza cha Kale, kichwa, bado.

Hatua ya 3: Uliza kichwa kiliingilia mlango gani

Kivumishi cha Kiingereza kina milango mitatu mikuu ya kuingilia.

Mlango wa kwanza ni wa nyumbani, maneno ya asili ya Kijerumani: "slow", "quick", "kind". Ukiyakuta haya, Kilatini hukihitaji. Mara nyingi ni mafupi, na hayana miisho kama "-ous", "-al", "-ive", "-ent" au "-ble". Nasema mara nyingi kwa sababu kuna "righteously", inayoonekana ya Kilatini kutokana na "-ous" yake, kumbe Kiingereza cha Kale kilikuwa na "rihtwis", na mwisho huo ulibadilishwa baadaye ili ufanane na maneno ya kigeni. Sura ya neno hukupa dhana. Ushahidi uko kwenye kamusi.

Mlango wa pili ni Kifaransa. Wanormani walipoiteka Uingereza mwaka 1066 walikuja na Kifaransa chao, na kwa karne kadhaa maneno ya Kilatini yaliingia Kiingereza yakiwa yameshatafunwa na midomo ya Wafaransa. "Suddenly" ni mfano mzuri. Nani angedhani ni ya Kilatini? Warumi walisema "subitus", cha ghafla, kutoka "subire", kuja kwa chini au kwa kificho. Wakapata "subitaneus". Wafaransa wakaimeza "b", ikawa "sodain" au "sodein", Waingereza wakaipokea, wakaipa "-ly". Hata "very" ni mtoto wa "verus", kweli, aliyepitia mlango huo.

Mlango wa tatu ni wa wasomi. Katika karne ya 16 na ya 17 waandishi wa Kiingereza, wengi wao wakiwa wamesoma Kilatini shuleni, walichota maneno moja kwa moja vitabuni. Maneno hayo hayakutafunwa. Yalibadilishwa mwisho tu: "-us" ya Kilatini ikawa "-ous".

"Obvious" ni ya mlango huu wa tatu. Kilatini chake ni "obvius" na hakuna herufi iliyomezwa. Dalili nyingine ni kwamba Mfaransa hasemi neno lenye sura hiyo kwa kawaida. Yeye husema "évident". Kamusi inathibitisha: limeingia Kiingereza mwishoni mwa karne ya 16.

Hatua ya 4: Fungua neno la Kilatini

Fungua Lewis na Short, tafuta "obvius". Utaambiwa ni "ob" pamoja na "via". "Via" ni njia, barabara. "Ob" ni kihusishi kinachobeba maana ya mbele ya, kuelekea, dhidi ya. Kitu "obvius" ni kitu kilicho mbele yako njiani, unachokutana nacho uso kwa uso.

Hapa kuna mambo mawili ya kiufundi ambayo yakikupita utakwama kwenye neno lijalo.

La kwanza: viambishi awali vya Kilatini hubadilika vikikutana na konsonanti. "Ob" imebaki nzima mbele ya "v", lakini mbele ya "c" huwa "oc-", kama katika "occur". Mbele ya "f" huwa "of-", kama "offer". Mbele ya "p" huwa "op-", kama "oppose". Vivyo hivyo "ad" huwa "ac-": "accurately" ni "ad" na "cura", uangalifu, kazi iliyotiwa uangalifu. "In" huwa "im-": "immediately" ni "in" ya kukanusha na "medius", kati, yaani bila kitu chochote katikati. Ukiona konsonanti mbili zinazofanana karibu na mwanzo wa neno, shuku kwamba ya kwanza ni kiambishi kilichojibadili. Mswahili hili si geni kwake: "mu-" yetu huwa "mw-" katika "mwimbaji", na "ki-" huwa "ch-" katika "chakula".

La pili: kamusi ya Kilatini haiorodheshi neno kwa umbo ambalo Kiingereza kililichukua. Kitenzi huorodheshwa kwa nafsi ya kwanza, kama vile kamusi yetu ingeandika "nasoma" badala ya "soma". Kiingereza kwa kawaida kilichukua umbo la kutendwa, ambalo kwenye kamusi huwa la nne katika orodha. Ukimtafuta mzazi wa "exactly", nenda kwenye "exigo, exigere, exegi, exactum", na humo utaona "ex" na "agere": kuendesha hadi nje, kupima hadi mwisho. Nomino nazo, tazama umbo la pili, lile la umiliki. "Cor" ni moyo, lakini umbo lake la umiliki ni "cordis", na ndipo unapoiona "cordially", kwa moyo. "Tempus, temporis" inakupa "temporarily". Asiyesoma umbo la pili hupita mbele ya nyumba anayoitafuta.

Rudi kwa "obvius", kuna jambo zuri limejificha. Kabla ya kivumishi hicho Kilatini kilikuwa na "obviam", nayo ilikuwa kielezi. Ni "ob" na "viam" zilizoshikana. Basi neno hili lilianza kama kielezi cha Kirumi, likawa kivumishi cha Kirumi, likavuka bahari likawa kivumishi cha Kiingereza, kisha likavishwa "-ly" likarudi kuwa kielezi. Kila ninaporudia mfuatano huo napata furaha ileile ya mara ya kwanza.

Hatua ya 5: Litazame neno likifanya kazi

Usiridhike na tafsiri ya kamusi. Tafuta sentensi za Kilatini.

Warumi walisema "obviam ire", kwenda "obviam". Ukitaka kuielewa usiifasiri neno kwa neno; sema "kulaki". Mgeni anakuja, watu wanatoka nje ya mji kumlaki njiani. Lakini "obviam ire" ilitumika pia kwa kuwatokea maadui vitani, maana "ob" ina upande wa ukali. Kitenzi chetu "kukabili" kina pande hizohizo mbili, uso kwa uso kwa heri na uso kwa uso kwa shari. Upande wa ukali ndio ulioleta "obviate" ya Kiingereza, kuzuia jambo kabla halijafika: unalitokea njiani ukalisimamisha.

Mfano ninaoupenda zaidi umo katika kitabu cha kwanza cha Aeneid, utenzi wa Virgil, mshairi wa Kirumi aliyefariki mwaka 19 kabla ya Kristo. Aeneas, shujaa wa utenzi huo, ametupwa na dhoruba kwenye pwani ya Afrika, karibu na Carthage, katika nchi ambayo leo ni Tunisia. Anatembea msituni, na mama yake, mungu wa kike Venus, anamtokea kwa sura ya msichana mwindaji. Virgil anaandika: "Cui mater media sese tulit obvia silva." Mama yake akajitokeza kumkuta katikati ya msitu. "Obvia" hapo haina maana ya dhahiri hata kidogo. Aeneas kwanza hamtambui. Mamake amejificha ndani ya sura nyingine. Yuko "obvia" kwa sababu amesimama njiani mbele ya mwanawe.

Sentensi moja kama hiyo inakufaa kuliko fasili kumi, kwa sababu inakuonyesha umbali uliopo kati ya maana ya kale na ya leo. Umbali huo ndio kazi inayofuata.

Hatua ya 6: Fuata maana kwa miaka

"Obvious" ilipoingia Kiingereza katika karne ya 16 ilibeba maana ya kitu kinachokutwa mara kwa mara, cha kawaida. Maana hiyo imekufa. Katika karne ya 17 ikaja maana ya kitu kinachoonekana wazi, kisichohitaji kuelezwa, na "obviously" ikaanza kutumika kwa maana hiyo ya uwazi.

Hatua ya kutoka maana moja hadi nyingine unapaswa kuweza kuisema kwa maneno yako. Kitu kilicho njiani hukitafuti. Kimekutana nawe chenyewe. Usichokitafuta ndicho usichokitolea hoja. Ukishindwa kuunganisha maana mbili namna hiyo, kwa mnyororo ambao kila pete inashika mwenziwe, jua kuna maana ya katikati hujaipata; rudi kwenye mifano ya Oxford.

Kwa mfasiri jambo hili lina faida ya moja kwa moja. "Obviously" humwambia msikilizaji kwamba jambo lilikuwa mbele ya macho yake. Akiwa hakuliona, neno linamchoma. Ndiyo maana katika barua ya kazi mara nyingi nalifasiri kwa "kama inavyoeleweka" badala ya "ni dhahiri".

Hatua ya 7: Waite ndugu

Neno likiwa na mzizi wa kweli, lina ukoo. "Via" imezaa sana. "Previously" ni "prae", mbele, na "via": aliyetangulia njiani. "Deviously" ni "de" na "via": aliyeiacha njia. "Trivially" inatoka "trivium", mahali zinapokutana njia tatu, njiapanda, na mambo ya njiapanda ni mambo ya kila mpita njia. "Impervious" ni kitu kisichopitika.

"Way" ya Kiingereza isikudanganye. Haikutoka kwa "via". Ni neno la mlango wa kwanza, "weg" ya Kiingereza cha Kale, na Mjerumani bado anasema "Weg". Kufanana si ushahidi. "Much" ya Kiingereza na "mucho" ya Kihispania zinafanana sura na maana, lakini hazina undugu: "mucho" inatoka "multus", "much" ni ya mlango wa kwanza. Undugu huthibitishwa na sauti zinazobadilika kwa mpangilio uleule katika maneno mengi, jinsi "k-t-b" inavyojirudia katika kitabu, katibu na maktaba.

Hatua ya 8: Jaribu kuivunja hadithi

Sasa "sincerely". Utasimuliwa kwamba wachongaji wa Kirumi waliziba nyufa za sanamu kwa nta, na waaminifu wakatangaza kazi yao kuwa "sine cera", bila nta. Inapendeza, na inafundisha uaminifu. Ndiyo maana inarudiwa kwenye hotuba na mahubiri. Lakini haina ushahidi.

Ipime kwa hatua zilezile. Fungua "sincerus" kwenye kamusi: safi, kizima, kisichochanganywa. Tafuta matumizi. Horace, mshairi wa Kirumi, aliandika, "Sincerum est nisi vas, quodcumque infundis acescit": chombo kisipokuwa safi, chochote unachomimina humo huchacha. Anazungumzia chombo, hakuna sanamu. Tazama kisha namna Kilatini kilivyounda vivumishi vya "bila". Kilitumia "se-", kama "securus", "bila wasiwasi", kutoka "se" na "cura", inayotupa "securely". Au kilitumia "in-". Maelezo ambayo wanaisimu wengi huyapendekeza ni kwamba "sin-" ni mzizi wa kale wa "moja" na "-cerus" ni ndugu wa "crescere", kukua: kilichokua kwa mmea mmoja, kisichochanganywa mbegu. Hakuna nta, wala soko la sanamu.

Nimeliweka hili mwisho kwa sababu linaumiza. Mtu aliyeifundisha hadithi ya nta kwa miaka hapendi kuiacha. Lakini kila hadithi inayokuja ikiwa imekamilika, yenye fundi, mteja na funzo, iulize swali moja: iko sentensi gani ya zama hizo inayosema hivyo? Isipokuwepo, iache.

Ukurasa wa daftari

Ukimaliza, ukurasa wako wa "obviously" uwe na mistari hii tu: mkia "-ly", Kiingereza cha Kale "-lice", mwili, kichwa "obvious", mlango wa wasomi, karne ya 16, Kilatini "obvius", kutoka kielezi "obviam", "ob" na "via", mfano, Venus na Aeneas, mpito wa maana, kinachokutwa njiani, cha kawaida, kilicho wazi, ndugu, "previously", "deviously", "trivially", "obviate".

Neno la kujaribu kesho liwe "definitely". Humo kuna "finis", na baada ya "-ly" na "de" utakuta mpaka wa shamba. Kisha "absolutely", utakayoipata kwa "absolvo" katika umbo la nne. "Perhaps" iache hadi umezoea: haina "-ly", na "per" yake ni ya Kilatini ilhali "hap" ni ya mabaharia wa Skandinavia.